Kutoka Kiti cha Dereva: Reli ya Albula na Bernina Majani Yanapopukutika

Reli inayotoka Thusis, mji mdogo wa mashariki ya Uswisi, na kuvuka milima ya Alpi hadi Tirano upande wa Italia ina urefu wa kilomita 122, madaraja 196 na mahandaki 55. Kipande cha kwanza, njia ya Albula, kilifunguliwa mwaka 1903 na kufika St. Moritz mwaka uliofuata. Cha pili, njia ya Bernina, kilikamilika mwaka 1910. Zote mbili leo ni za kampuni moja, Rhätische Bahn, na mwaka 2008 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Treni hupita hapo mwaka mzima. Lakini kuanzia mwisho wa Septemba hadi mwanzo wa Novemba mambo mawili hutokea kwa pamoja: misitu hubadilika rangi, na reli hubadilika tabia chini ya magurudumu. Abiria wa dirishani huona la kwanza tu. Dereva huyaona yote mawili, na kwake ni jambo moja, kwa kuwa jani lile lile linalopendeza likiwa mtini ndilo linaloteleza likishaanguka relini.

Kwa abiria, safari ya treni ni mambo yanayopita ubavuni. Mti hutokea, hupita, na mwingine huchukua nafasi yake. Chumba cha dereva kina kioo kipana kinachotazama mbele, na humo kila kitu huanza kikiwa kidogo na mbali, kikakua, kisha kikapotea chini ya miguu. Kona huonekana kabla haijafikiwa. Mdomo wa handaki huanza kama doa jeusi kwenye mwamba. Na reli zenyewe, ambazo abiria karibu hazioni kabisa, hapa huwa katikati ya picha muda wote: zikiwa kavu hung'aa, zikiwa na umande hufifia, zikiwa na majani yaliyopondwa huonyesha utando mweusi juu ya chuma.

Mbele ya dereva kuna mkono wa kuongeza na kupunguza nguvu, mkono wa breki, skrini za hali ya mitambo, redio na ratiba ya safari. Miguuni kuna kanyagio la usalama. Dereva akiliachia, mlio wa onyo husikika, na asipoitika treni hujifunga breki yenyewe. Sehemu kubwa ya njia hii ni ya reli moja, kwa hiyo treni mbili zinazokutana lazima zipishane stesheni, na taa ya ishara ndiyo inayosema nani asubiri na nani aendelee. Katika safari za kawaida abiria haruhusiwi kuingia humo. Ndiyo maana filamu zinazopigwa kupitia kioo cha mbele zimepata watazamaji wengi kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2009 shirika la utangazaji la Norwe, NRK, lilirusha safari nzima ya treni kutoka Bergen hadi Oslo, zaidi ya saa saba, na sehemu kubwa yake ilikuwa ni reli tu ikija mbele ya kamera. Watu wapatao milioni 1.2 walitazama angalau kipande chake, katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa na watu wasiofika milioni 5.

Treni nyingi zinazokwenda moja kwa moja hadi Tirano huvutwa na Allegra, kichwa cha mabehewa matatu yaliyoungana, kilichotengenezwa na kampuni ya Stadler na kuanza kazi mwaka 2010. Kina chumba cha dereva kila mwisho, viti vya abiria ndani yake, na nguvu ya kutosha kuvuta mabehewa mengine nyuma. Reli yake ina upana wa mita moja. Ni upana ule ule wa reli ya zamani kutoka Mombasa hadi Kisumu na wa Reli ya Kati ya Tanzania, na sababu zake zinafanana: reli nyembamba hukata kona kali zaidi na huhitaji ujenzi mdogo zaidi penye milima. Kwa urefu kutoka usawa wa bahari, Kenya hata inaishinda Uswisi. Kilele cha Bernina kipo mita 2,253, ilhali reli ya kwenda Uganda hupita Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Tofauti kubwa ni ukali wa mwinuko na ubaridi wa hewa.

Kutoka Thusis, mita 697 juu ya usawa wa bahari, treni huingia mara moja kwenye korongo la Schin, ambamo mto Albula umechimba mwamba kwa kina kirefu. Njia imechongwa ubavuni mwa korongo, na mahandaki hufuatana kwa karibu. Kwa dereva, nusu saa ya kwanza ni kupishana kwa giza na mwanga, na mwezi Oktoba mwanga huo ni wa jua lililo chini, linalopenya moja kwa moja machoni. Asubuhi nyingi kuna ukungu bondeni. Miti iliyoinama juu ya reli hapa ni ya majani mapana, na mapema Oktoba mingi bado ina kijani ndani ya njano.

Majani huwa ya kijani kwa sababu ya klorofili, kemikali inayonasa mwanga wa jua ili mti utengeneze chakula. Klorofili huharibika kila siku na kutengenezwa upya. Siku zinapofupika na usiku kuwa wa baridi, mti huacha kutengeneza mpya, huivunja iliyopo, na kuirudisha nitrojeni iliyomo kwenye matawi na mizizi iwe akiba ya mwaka unaofuata. Hapo ndipo zinapojitokeza karotenoidi, rangi za njano na chungwa zilizokuwamo ndani ya jani tangu awali, zikiwa zimefunikwa na kijani. Miti mingine, kama micheri, huongeza rangi nyekundu. Mwishowe tabaka la seli kwenye kikonyo hulegea na jani huanguka. Mti hufanya hivyo kwa sababu ile ile inayoufanya mbuyu kupukutisha majani wakati wa kiangazi: maji hayapatikani. Mbuyu umenyimwa na ukame, mti wa Alpi umenyimwa na ardhi iliyoganda.

Baridi huanza vileleni, kwa hiyo rangi nayo huanza juu na kushuka polepole mabondeni kwa majuma kadhaa. Treni inayopanda huyapita majuma hayo kwa saa mbili. Siku ile ile Thusis inaweza kuwa ya kijani, Preda, kijiji kilicho juu zaidi njiani, ya dhahabu, na kilele cha Bernina kikawa tayari kimeguswa na theluji.

Gurudumu la chuma hugusa reli ya chuma kwenye eneo dogo sana, takriban sentimita moja ya mraba. Kupitia kieneo hicho hupita nguvu yote ya kuvuta na nguvu yote ya kusimamisha. Mgusano wa chuma kikavu juu ya chuma kikavu hutosha vizuri. Majani yakianguka relini na kulowa, magurudumu huyaponda kwa uzito wa tani nyingi na kuyageuza utando mgumu, mwembamba, unaong'ang'ania chuma. Mvua kubwa wakati mwingine huusafisha; manyunyu, umande na ukungu huufanya uwe mbaya zaidi, kwani huulowesha bila kuuosha. Mshiko wa gurudumu unaweza kushuka hadi sehemu ndogo ya ule wa kawaida. Watu wasiofanya kazi ya reli hushangaa kuambiwa kwamba treni imechelewa kwa sababu ya majani, wakaona ni kisingizio. Si kisingizio. Uingereza, ambako miti mingi ya majani mapana imeota kandokando ya reli, kila mwaka huendesha treni maalumu za kuosha reli kwa maji yenye shinikizo kubwa.

Dereva huitambua hali hii kabla kompyuta haijamwambia. Huona weusi juu ya reli, huona upande wa korongo usiopata jua, na huhisi kwenye kiti mtetemo mfupi wa magurudumu yanapoanza kuzunguka bure. Akiwa anapanda, hupunguza nguvu kidogo na kuongeza tena taratibu. Akiwa anashuka, huanza kufunga breki mapema na kwa upole. Breki ikifungwa kwa nguvu juu ya reli inayoteleza, gurudumu huacha kuzunguka huku treni ikiendelea kwenda, na chuma husagika mahali pamoja hadi kupata ubapa unaogonga kila mzunguko mpaka gurudumu lichongwe upya karakana. Mitambo ya kisasa hurekebisha nguvu ya kila ekseli kwa sehemu ndogo ya sekunde. Msaada wa zamani bado upo: mchanga mkavu, unaopulizwa kwa bomba mbele ya gurudumu, ukavunja utando na kurudisha mshiko. Njia za Albula na Bernina hazina reli ya meno mahali popote. Treni hupanda na kushuka kwa mshiko huo tu.

Kabla ya stesheni ya Tiefencastel reli huvuka daraja la mawe la Solis, ambalo tao lake kuu lina upana wa mita 42, mita 89 juu ya mto. Ndilo daraja refu kuliko yote ya kampuni hii kwa kwenda juu, lakini kutoka chumba cha dereva halitishi. Korongo hufunguka ghafla pande zote mbili, na sekunde chache baadaye limefungwa tena.

Daraja linalokumbukwa liko mbele zaidi, kabla ya stesheni ya Filisur. Daraja la Landwasser lilikamilika mwaka 1902. Lina matao sita, urefu wa mita 65 kutoka bondeni, na limepinda kwa kona ya nusu kipenyo cha mita 100. Nguzo zake zilijengwa bila jukwaa la miti kuzizunguka. Mafundi walisimamisha mnara wa chuma, wakajenga mawe kuuzunguka, na winchi zilizokaa juu ya minara hiyo zikapandisha mawe kadiri nguzo zilivyokua. Kwa abiria uzuri wake ni kona, kwa maana anaweza kuliona daraja na kichwa cha treni yake mwenyewe kikiwa juu yake. Kwa dereva jambo kubwa ni mwisho wake. Ng'ambo ya daraja hakuna ukingo wala mteremko wa kupumzikia. Kuna ukuta wa mwamba uliosimama wima, na reli huingia moja kwa moja kwenye tundu lililotobolewa ndani yake. Kioo cha mbele hujaa anga, kisha jiwe, kisha giza, bila kitu katikati.

Baada ya Filisur reli hupanda mita 35 kwa kila mita 1,000, na misonobari huzidi miti ya majani mapana. Kutoka Bergün hadi Preda, vijiji viwili ambavyo kwa mstari ulionyooka havitengani hata kilomita saba, kuna tofauti ya mita 416 ya kimo. Reli iliyonyooka ingekuwa kali mno kwa treni za mvuke za wakati ule. Mhandisi mkuu, Friedrich Hennings, aliirefusha njia kwa kuizungusha: inapanda upande mmoja wa bonde, inavuka mto, inarudi, inaingia ndani ya mlima na kutoka ikiwa juu ya mahali ilipoingilia. Mahandaki matatu ni ya mzunguko kamili. Dereva hupita daraja, huingia gizani, njia ikimpindisha upande mmoja bila kukoma kwa dakika kadhaa, na akitoka hulikuta daraja lile lile likiwa chini yake. Aliyeketi humo kwa mara ya kwanza hupoteza kabisa mwelekeo. Milima inayoonekana kushoto huhamia kulia na kurudi, na ni jua pekee linaloonyesha kusini ni wapi.

Hapa ndipo dhahabu inapoanza. Mti unaoileta ni lachi, msonobari wa pekee wa asili ya Ulaya unaopukutisha majani yake kila mwaka. Majani ya lachi ni sindano laini, nyembamba, zisizo na nta nene kama ile inayowalinda wenzake dhidi ya baridi na upepo mkavu wa theluji. Mti huo hauhangaiki kuyalinda. Huyaacha yaende na kuotesha mapya kila Mei. Faida yake huonekana mahali palipo juu sana, ambako lachi hustahimili hewa kavu ya baridi na ardhi ya mawe isiyofaa miti mingi. Katikati ya Oktoba miteremko ya Preda na ya bonde la Engadin huwa na rangi ya njano nzito. Kando yake husimama msonobari wa arve, wenye kijani cheusi kisichobadilika, na mchanganyiko huo ndio unaoifanya njano ionekane kali kuliko msituni penye lachi pekee. Jua la asubuhi likipita nyuma ya miti, kila tawi huwaka pembeni. Mbele ya treni, siku ya upepo, sindano huanguka kama mvua ya njano na kujilaza juu ya mataruma na kokoto.

Ni kwenye kipande hiki hiki, katika majira haya haya, ambapo tarehe 29 Oktoba 2022 ilipita treni ndefu kuliko treni zote za abiria zilizowahi kutembea. Reli za Uswisi zilikuwa zinatimiza miaka 175. Rhätische Bahn iliunganisha treni 25 za aina ya Capricorn, jumla ya mabehewa 100 na urefu wa mita 1,906, ikaishusha kutoka Preda hadi Alvaneu kwa kilomita 25. Rekodi iliyotangulia, ya Ubelgiji mwaka 1991, ilikuwa ya mita 1,732. Treni ilikuwa imekaa ndani ya mahandaki kadhaa na juu ya madaraja kadhaa kwa wakati mmoja. Madereva saba walikuwa ndani yake wakifunga na kufungua breki kwa kusikilizana, na kwa kuwa redio na simu za mkononi hazikufanya kazi vizuri mahandakini, walitandikiwa waya wa simu za zamani kutoka kichwa hadi mkia. Mwendo nao ulibidi uwekewe kikomo, kwani treni ya umeme ikishuka huzalisha umeme na kuurudisha kwenye nyaya, na mabehewa 100 yakishuka kwa pamoja yangerudisha mwingi kuliko mfumo ulivyoweza kupokea.

Preda ndipo linapoanza handaki la Albula, karibu kilomita sita. La kwanza lilichimbwa na kukamilika kwa ufunguzi wa mwaka 1903, na kwa miaka zaidi ya 120 lilipitisha kila treni. Mwezi Juni 2024 treni zilihamia handaki jipya lililochimbwa sambamba nalo, na la zamani likabaki kuwa njia ya usalama. Juu ya paa la handaki upo mgawanyo wa maji. Mvua inayonyesha upande wa Preda huishia mto Rhine na Bahari ya Kaskazini. Inayonyesha upande wa pili huingia mto Inn, kisha Danube, hadi Bahari Nyeusi. Hali ya hewa nayo mara nyingi hubadilika humo ndani. Treni inaweza kuingia kwenye mawingu na kutoka kwenye jua.

Ng'ambo ya handaki njia hutulia. Bonde la juu la Engadin ni pana, karibu bapa, na treni huongeza mwendo kupitia Bever na Samedan. Zile za moja kwa moja haziingii St. Moritz, hukata kwenda Pontresina, mita 1,774. Hapo umeme hubadilika. Njia ya Albula, iliyoacha mvuke mwaka 1919, hutumia mkondo geu wa volti 11,000. Njia ya Bernina ilitumia umeme tangu siku ya kwanza, kwa kuwa iliasisiwa sambamba na vituo vya kuzalisha umeme wa maji upande wa Brusio, na mpaka leo hutumia mkondo mnyoofu wa volti 1,000. Zamani vichwa vya treni vilibadilishwa Pontresina. Allegra hukubali aina zote mbili, na abiria wengi hawajui kwamba kuna kitu kimetokea.

Baada ya hapo mwinuko huwa mita 70 kwa kila mita 1,000, mara mbili ya ule wa Albula, na kona nyingine zina nusu kipenyo cha mita 45 tu. Treni hupanda kwa mwendo unaozidi kidogo kilomita 30 kwa saa. Baada ya stesheni ya Morteratsch njia hukunja karibu kurudi ilikotoka, kwenye kona inayoitwa Montebello, na mandhari yote hugeuka mbele ya kioo: lachi za njano chini, mto wa barafu wa Morteratsch katikati, na juu yake Piz Bernina yenye mita 4,049, iliyo nyeupe mwaka mzima. Kuna huzuni ya kweli katika picha hiyo. Reli ilipofunguliwa, ncha ya mto wa barafu ilikuwa karibu na stesheni. Leo imerudi nyuma zaidi ya kilomita mbili, na anayetaka kuigusa hutembea muda mrefu kupita mawe iliyoyaacha, ambako lachi changa zimeanza kuota.

Kwenye kimo cha mita 2,200 na ushei hakuna miti. Rangi ya majira haya huwa chini, kwenye nyasi zilizokauka na vichaka vidogo vya mabluberi vilivyogeuka vyekundu. Ospizio Bernina, mita 2,253, ni stesheni ya juu kuliko zote za njia hii, kando ya ziwa Lago Bianco ambalo maji yake ni meupe kwa unga wa mawe uliosagwa na barafu. Ziwa dogo jeusi lililo jirani, Lej Nair, humwaga maji yake upande wa Bahari Nyeusi; Lago Bianco hupeleka yake Bahari ya Adriatiki. Oktoba hapa ni mwezi wa mashaka. Siku moja jua, kesho yake theluji. Barafu nyembamba hujishika kwenye waya wa umeme, na treni ya kwanza ya asubuhi hupita ikitoa cheche za buluu pale pantografu, mkono wa paani unaopokea umeme, inapoikwangua.

Kuanzia hapo njia hushuka mita 1,824 hadi Tirano, na kilomita zisizofika 40 ndizo zinazotumika. Alp Grüm, mita 2,091, hutazama mto wa barafu wa Palü na, chini kabisa, bonde la Poschiavo, zaidi ya mita 1,000 kwenda chini. Dereva huona stesheni atakayofika baada ya dakika 40. Reli huteremka kwa kona za kurudiarudia ndani ya msitu, na treni ikipita humo dereva huona kupitia matawi vipande vya njia yake mwenyewe, kimoja chini ya kingine.

Kazi yake sasa ni kuzuia, na katika majira ya kupukutika kazi hiyo hutaka uangalifu zaidi kuliko kupanda. Breki kuu ni mota zenyewe: zinageuzwa kuwa jenereta, ukinzani wake hushikilia magurudumu, na umeme unaozalishwa huenda kwenye waya na kusaidia treni inayopanda. Asipokuwapo wa kuupokea, huchomwa kuwa joto. Breki za msuguano hukaa akiba, na chini ya treni kuna breki za sumaku, vyuma virefu vinavyojibandika kwenye reli yenyewe. Hizo zina faida mahali penye majani, kwani hazitegemei mshiko wa gurudumu. Umakini wa dereva upo kwenye kasi ya mwanzo. Kwenye mteremko wa 70 kwa 1,000 wenye reli iliyolowa, treni iliyoachiwa ikaongeza mwendo kidogo tu huhitaji nafasi ndefu kuurudisha.

Cavaglia, kisha Poschiavo, na lugha ya mabango imekuwa Kiitaliano. Lachi zimebaki juu. Kijijini Le Prese treni hutoka kwenye tuta lake na kupita katikati ya barabara ya kijiji pamoja na magari, dereva akiwa na macho zaidi kwenye milango ya nyumba na watoto wa shule kuliko kwenye mandhari. Halafu ni ufuo wa ziwa Poschiavo, na baada ya Miralago misitu ya chestinati, ambayo kokwa zake huokotwa Oktoba. Majani yake ni marefu na mapana, na yakianguka relini huacha utando ambao sindano za lachi haziwezi kuufikia.

Chini ya kijiji cha Brusio bonde lina mwinuko mkali kuliko ule ambao treni inaweza kuumudu, na mwamba wa kuchimbia handaki la mzunguko haukuwapo mahali pafaapo. Wahandisi walijenga mzunguko huo nje, uwanjani, mwaka 1908. Ni daraja la mawe lenye matao tisa, linalozunguka kwa nusu kipenyo cha mita 70. Treni hupita juu yake, huzunguka shamba, kisha hupita chini ya mojawapo ya matao hayo. Treni ndefu kutoka chumba cha dereva huonekana kwa namna isiyopatikana kwingine: mabehewa ya mwisho ya treni yake bado yanazunguka nyuma, yeye akiwa tayari anaukaribia mlango wa tao.

Mpaka wa Italia upo baada ya Campocologno. Tirano, mita 429, treni huvuka tena barabara za mji, ikipita karibu sana na kanisa la Madonna di Tirano kabla ya kusimama mwisho wa njia. Kwenye miteremko inayoelekea kusini, mizabibu ya bonde la Valtellina, iliyopandwa kwenye matuta ya mawe, huwa katika mavuno, na majani yake yanaanza wekundu ambao milimani umeshapita. Stesheni ya jirani ni ya reli pana za Italia zinazokwenda Milan. Dereva wa Allegra hukusanya vitu vyake, hutembea hadi chumba cha upande wa pili, na kuandaa safari ya kurudi, ambayo huanza kwa kupanda mita 1,824 na kuyakuta majani ya chestinati mwanzoni kabisa, jioni, wakati umande unapoanza kutua juu ya reli.